Saa za Faragha za Makaisari wa Bizanti

Milki ya Bizanti ni jina ambalo wanahistoria wa zama za baadaye waliipa sehemu ya mashariki ya Dola ya Roma, iliyodumu tangu Kaisari Constantine wa Kwanza alipouzindua mji wa Konstantinopoli mwaka 330 hadi Waturuki wa Osmani walipouteka mji huo tarehe 29 Mei 1453. Wenyewe walijiita Warumi, ingawa wengi wao walizungumza Kigiriki, na waliamini kwamba mtawala wao ni mwakilishi wa Mungu duniani, kwa hiyo kila alichofanya mbele ya watu kilipangiwa saa yake, vazi lake na maneno yake. Mtu wa namna hiyo hakuachwa peke yake hata kidogo, na ndiyo maana historia ya starehe zake haifai kuchukuliwa kama jambo la kando. Saa alizocheza, kuwinda, kula, kuoga na kulala ndizo saa ambazo watu wachache waliweza kumkaribia bila taratibu rasmi kusimama kati yao naye, na ndizo ambamo baadhi ya watu hao walipanda hadi kileleni mwa madaraka, kama ambavyo ndizo ambamo makaisari kadhaa walipoteza maisha.

Makao yao kwa karne nyingi yalikuwa Kasri Kuu, lililosimama kwenye mteremko unaoelekea Bahari ya Marmara, kusini mwa kanisa la Hagia Sophia. Halikuwa jengo moja, bali kumbi, makanisa madogo, bustani, mabafu, kambi za walinzi na maghala, ambavyo kila utawala uliviongeza au kuvibomoa ulivyopenda. Kitabu cha taratibu za kasri kilichoandaliwa katika karne ya 10 chini ya Kaisari Constantine wa Saba kinaeleza jinsi siku ilivyoanza: malango yalifunguliwa alfajiri kwa zamu maalumu, mlango wa vyumba vya kaisari ukagongwa mara tatu, naye akavaa joho lake na kwenda katika Ukumbi wa Dhahabu, mahali pa kiti cha enzi, kusali mbele ya picha ya Kristo kabla ya kuonana na ofisa yeyote. Asubuhi ilikuwa ya kazi. Kisha maofisa waliruhusiwa kuondoka na malango yakafungwa tena, na hapo ndipo kaisari alipopata nafasi ya kufanya apendavyo.

Hata nafasi hiyo ililindwa na watu. Huduma za ndani zilikuwa mikononi mwa matowashi, yaani wanaume waliohasiwa, ambao kwa kuwa hawakuweza kuzaa wala kukalia kiti cha enzi walidhaniwa kuwa salama kuliko wengine. Aliyekuwa na cheo kikubwa kati yao aliitwa parakoimomenos, ambaye ndiye aliyelala karibu na chumba cha kaisari, na kwa kukaa karibu hivyo aliweza kuwa na nguvu kuliko mawaziri: Basil Lekapenos, towashi aliyekuwa mwana wa nje ya ndoa wa Kaisari Romanos wa Kwanza, aliendesha mambo ya dola chini ya watawala kadhaa mpaka mjukuu wa dada yake, Basil wa Pili, alipomwondoa mwaka 985. Hata kuzaliwa kulikuwa na chumba chake. Binti mfalme Anna Komnene, aliyeandika historia ya baba yake katika karne ya 12, anakieleza chumba hicho kuwa cha mraba, chenye paa la umbo la piramidi, kikitazama bahari na kupambwa kwa jiwe la rangi ya zambarau lenye madoa meupe kama chembe za mchanga. Mtoto aliyezaliwa humo wakati baba yake akitawala aliitwa porphyrogennetos, yaani aliyezaliwa katika zambarau, na sifa hiyo ilimpa heshima ambayo jemadari aliyetwaa kiti kwa upanga hakuwa nayo.

Starehe kubwa kuliko zote, na iliyokuwa ya kaisari na raia kwa pamoja, ilikuwa mbio za magari yaliyokokotwa na farasi wanne. Uwanja wa mbio, uliokuwa na urefu wa karibu mita 450, ulipakana na kasri, na kaisari alifika kwenye roshani yake kwa ngazi ya mzunguko iliyotoka ndani bila kukanyaga barabara. Nguzo ya jiwe iliyochongwa Misri enzi ya Farao Thutmose wa Tatu, na kusimamishwa uwanjani hapo mwaka 390, ingali imesimama mjini Istanbul, na kwenye kitako chake Theodosius wa Kwanza anaonekana akiwa kwenye roshani yake na familia yake, ameshika taji la majani la kumvika mshindi, huku wacheza ngoma na wapiga muziki wakiwa chini yake. Washabiki waligawanyika hasa katika makundi ya Bluu na Kijani, nayo hayakuwa mashabiki tu, kwa kuwa uwanja ulikuwa mahali pekee ambapo umati ungeweza kumpigia kaisari kelele za madai uso kwa uso. Mwezi Januari 532 makundi hayo mawili yaliungana dhidi ya Justinian, yakachoma sehemu kubwa ya katikati ya mji na kumtawaza mtu mwingine. Mwandishi Procopius anasema waliouawa jeshi lilipoingia uwanjani walikuwa zaidi ya 30,000. Anasema pia kwamba Justinian alikuwa tayari kukimbia, na aliyemzuia ni mkewe Theodora, ambaye mwenyewe alikulia katika uwanja huohuo, kwa kuwa baba yake alikuwa mtunza dubu wa kundi la Kijani na yeye aliwahi kuwa mwigizaji jukwaani, kazi iliyodharauliwa kiasi kwamba sheria ya ndoa ilibidi ibadilishwe ili Justinian aweze kumwoa.

Kupenda kutazama mbio kulikubalika kwa kila mtawala. Kuendesha gari lenyewe kulihesabiwa na watu wa tabaka la juu kuwa aibu, ingawa si kila kaisari aliyejali. Theophilos, aliyetawala kuanzia 829 hadi 842, aliwahi kushindana uwanjani akiwa amevaa rangi ya Bluu na kutangazwa mshindi, na bado kumbukumbu iliyobaki juu yake ni ya mtawala mpenda haki, mtunzi wa nyimbo za kanisa na mjenzi hodari. Kasri lake la Bryas, ng'ambo ya bahari, lilijengwa kwa kufuata mtindo wa makasri ya Baghdad, ingawa alipigana vita na makhalifa kwa miaka mingi. Katika ua mmoja wa Kasri Kuu kulikuwa na chemchemi ya shaba yenye koni ya dhahabu iliyotoa mvinyo wenye viungo siku za hafla, na bakuli lake likajazwa lozi, pista na kokwa za msonobari ili kila aliyehudhuria ajichukulie.

Mwanawe, Michael wa Tatu, ndiye ambaye michezo imemharibia jina kuliko mtawala mwingine yeyote wa Bizanti. Alikuwa na uwanja wake binafsi wa mbio katika kasri la Mtakatifu Mamas, nje ya kuta za mji, aliendesha magari mwenyewe, na alikuwa baba wa ubatizo wa watoto wa waendeshaji wenzake. Waandishi wa karne ya 10 wanaongeza kwamba alikuwa mlevi, kwamba mchekeshaji wake aliyeitwa Gryllos alivaa mavazi ya Patriarki, mkuu wa Kanisa, ili kufanyia ibada mzaha, na kwamba siku moja alipopata habari za uvamizi kupitia mioto ya ishara, iliyowashwa kutoka kilima hadi kilima tangu mpaka wa mashariki hadi kasrini, aliamuru mioto hiyo isiwashwe tena ili watazamaji wasiache kuangalia mbio zake. Msomaji anapaswa kuwa mwangalifu hapa. Kitabu kinachomsifu sana aliyemrithi Michael kiliandikwa kwa agizo la mjukuu wa mrithi huyo, na mrithi mwenyewe alipata kiti kwa kumuua Michael, kwa hiyo familia ilikuwa na kila sababu ya kumchora marehemu kama mtu asiyestahili kuishi. Wanahistoria wa leo wanakumbusha kwamba utawala wa Michael ulishinda vita muhimu mwaka 863 na kushuhudia kubatizwa kwa mtawala wa Bulgaria, matendo ambayo mlevi asiyejali asingeyasimamia kwa urahisi.

Mrithi huyo alikuwa Basil, kijana wa familia ya wakulima aliyefika mjini bila kitu ila mwili wenye nguvu. Aliwapendeza wakubwa kwa mieleka, alipomwangusha Mbulgaria aliyejigamba kwamba hana mshindani, kisha akamtuliza farasi wa kaisari ambaye wengine walishindwa kumshika, na Michael akamchukua awe mmoja wa watunza farasi wake. Kutoka zizini alipanda cheo baada ya cheo hadi akawa parakoimomenos, nafasi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya matowashi, akaozwa Eudokia Ingerina, kimada wa kaisari mwenyewe, na mwezi Mei 866 akatawazwa kuwa mtawala mwenza. Usiku mmoja wa Septemba 867, baada ya karamu katika kasri la Mtakatifu Mamas, Michael alilala akiwa amelewa katika chumba ambacho Basil alikuwa amekipinda komeo kwa mikono yake ili mlango usifungike, na wauaji wakaingia. Kisa hiki kinastahili kutafakariwa, kwa kuwa hakuna hatua hata moja ya safari ya Basil iliyopitia baraza la dola, mahakama au uwanja wa vita. Alipita zizini, kwenye mieleka, mezani na chumbani, yaani katika saa za mapumziko za bwana wake.

Mchezo mwingine wa heshima ulikuwa tzykanion, aina ya polo iliyotoka Uajemi, ambao ulichezwa ndani ya kasri kwenye uwanja ambao Basil aliujenga upya kwa ukubwa zaidi. Mwandishi John Kinnamos, aliyeishi karne ya 12, anaueleza vizuri: vijana wapanda farasi waligawanyika makundi mawili yenye idadi sawa, mpira wa ngozi wenye ukubwa kama wa tofaa ukatupwa katikati, na kila mmoja akaukimbilia akiwa na fimbo yenye mwisho mpana uliopindwa na kusukwa nyuzi kama wavu, ili kuupeleka mpaka ng'ambo ya mpaka uliowekwa. Kinnamos hafichi hatari yake, kwa sababu mchezaji alilazimika kujilaza nyuma, kuinama pembeni na kumgeuza farasi ghafla. Kaisari Manuel wa Kwanza alianguka pamoja na farasi wake katika mchezo huo na kuumia vibaya. Babu yake, Alexios wa Kwanza, aligongwa gotini wakati jemadari wake Tatikios aliporushwa na farasi na kumwangukia, na Anna Komnene anayahesabu maumivu hayo kuwa chanzo kimojawapo cha jongo, ugonjwa wa viungo uliomtesa baba yake uzeeni. Kaisari Alexander alifariki mwaka 913 baada ya kucheza akiwa amekula na kunywa sana, na huko Trebizond, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, mtawala John wa Kwanza alikufa mwaka 1238 baada ya kuanguka akicheza.

Kwa wapendao utulivu kulikuwa na dadu na sataranji. Anna anasema baba yake alicheza sataranji na baadhi ya jamaa zake ili kupunguza uchungu wa mashaka yaliyomkabili kila siku, naye anaujua kuwa mchezo uliotoka mashariki. Habari hiyo inapatikana mahali pasipotarajiwa, katikati ya maelezo ya njama. Ndugu wa ukoo wa Anemas na wenzao walipanga kumwua kaisari chumbani mwake wakati akiwa kwenye mchezo, kwa sababu walijua saa anayocheza, walijua mlango wa kuingilia, na walijua kwamba walinzi hawangekuwa wengi. Njama ikafichuka kabla ya kutimizwa. Michael Anemas aliandamanishwa mjini ili akapofushwe macho, lakini Anna na mama yake, aliyekuwa malkia, walimwombea msamaha, na badala yake akafungwa katika mnara wa ukuta wa mji ambao umebaki na jina lake.

Uwindaji ulikuwa na nafasi ya pekee, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa mazoezi ya vita na dalili kwamba mtawala bado ana nguvu. Walitumia mbwa, ndege wa mawindo kama kozi, na hata duma waliofunzwa. Mwandishi mmoja anaisimulia siku ya Romanos wa Pili ili kuonyesha uhodari wa kijana huyo: asubuhi alisimamia mbio uwanjani, mchana akala na wakuu wa dola, kisha akacheza mpira wa farasi na kuwashinda wenzake, halafu akavuka bahari kwenda kuua nguruwe mwitu wanne wakubwa na kurudi kasrini jioni. Sanduku dogo la pembe za ndovu lililotiwa rangi ya zambarau, ambalo sasa limo katika hazina ya kanisa kuu la Troyes nchini Ufaransa, linaonyesha fahari hiyo kwa mkono wa fundi wa Konstantinopoli: upande mmoja wapanda farasi wanamshambulia simba, upande wa pili mtu aliyesimama kwa miguu anamkabili nguruwe mwitu kwa mkuki huku mbwa wakimzunguka mnyama, na juu ya kifuniko watawala wawili walio juu ya farasi wako pande mbili za mji. Meno makubwa ya tembo yaliyotumiwa na mafundi wa mji huo kwa sehemu kubwa yalitoka Afrika, kwa njia za biashara zilizopitia Misri.

Msituni nako kifo kilikuwa karibu. Theodosius wa Pili alianguka kutoka kwa farasi mwezi Julai 450 na kufa. John wa Pili, mwana wa Alexios, alijeruhiwa na mshale wake mwenyewe wenye sumu akiwinda nguruwe mwitu huko Kilikia mwaka 1143, akafa siku chache baadaye. Ajabu zaidi ni mwisho wa Basil yuleyule aliyeupata utawala kwa mieleka na farasi. Mwaka 886 kulungu dume mkubwa alimnasa mkanda kwa pembe zake, akamng'oa kutoka kwa farasi na kumburuta umbali mrefu, mpaka mhudumu mmoja akafanikiwa kukata mkanda kwa kisu. Kaisari, badala ya kumshukuru, aliamuru mtu huyo auawe kwa kosa la kuchomoa silaha karibu na mwili wa mtawala, naye mwenyewe akafariki baada ya siku chache.

Mezani, kama uwanjani, kila kitu kilikuwa na mpango. Mwaka 899 ofisa aitwaye Philotheos aliandika mwongozo mzima wa kueleza nani aketi wapi katika karamu za kaisari, kwa kuwa kukosea mahali pa mgeni kulikuwa sawa na kukosea cheo chake. Balozi Liutprand, aliyetumwa kutoka Italia mwaka 949, alialikwa Krismasi katika Ukumbi wa Makochi Kumi na Tisa, ambamo wageni hawakuketi bali walijilaza kwa mtindo wa kale wa Kirumi. Anaeleza kwamba baada ya chakula matunda yaliletwa katika mabakuli matatu ya dhahabu, mazito kiasi kwamba yalivutwa kwa magari yaliyofunikwa vitambaa vya zambarau, kisha yakapandishwa mezani kwa kamba zilizoshuka kutoka darini. Ndipo akaingia mwanasarakasi aliyesimamisha mti mrefu juu ya paji la uso wake bila kuushika, na wavulana wawili wakaupanda na kuchezea kileleni. Liutprand huyohuyo aliporudi mwaka 968, wakati wa Nikephoros wa Pili, alilalamikia kila alichokula, kuanzia mvinyo hadi mwana-mbuzi aliyejazwa vitunguu na kumwagiwa mchuzi wa samaki, lakini safari hiyo ujumbe wake ulikuwa umeshindwa, na hasira yake inaonekana katika kila ukurasa.

Nikephoros mwenyewe hakuwa mtu wa anasa. Alikuwa askari aliyetamani maisha ya utawa, na baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza alizoea kulala sakafuni juu ya ngozi ya mnyama, badala ya kitandani. Usiku mmoja wa Desemba 969 jemadari John Tzimiskes na wenzake, kwa msaada wa Malkia Theophano, waliingia chumbani na kukuta kitanda kitupu, wakashikwa na hofu kwamba wamegunduliwa, mpaka mtumishi mmoja alipowaonyesha alipolala. Tofauti naye, Constantine wa Nane, aliyetawala peke yake kuanzia 1025 hadi 1028, alipenda raha bila kujizuia. Mwandishi Michael Psellos anasema mwili wake ulikuwa mkubwa na tumbo lake halikushindwa na chakula, na kwamba alikuwa stadi wa kuunda michuzi, akichanganya rangi na harufu ili kuamsha hamu ya kila mlaji. Dadu zilimteka zaidi. Alipokuwa mchezoni, mabalozi walisubiri na shughuli za dola zikasimama.

Wako pia waliopata raha katika kazi za mikono na za akili. Theodosius wa Pili alipenda kunakili vitabu kwa mwandiko mzuri, hata akapewa jina la Mwandishi wa Hati Nzuri. Constantine wa Saba, aliyefunikwa utotoni na ujanani mwake na watu waliotawala kwa jina lake, alitumia miaka hiyo kusoma na kuchora, na inasimuliwa kwamba aliwaelekeza wachongaji, mafundi wa dhahabu na wahunzi kama mtu aliyezijua kazi zao. Kuwepo kwake duniani kulitokana na mgogoro mkubwa wa kifamilia. Baba yake, Leo wa Sita, alifiwa na wake watatu bila kuacha mrithi wa kiume, na ingawa sheria yake mwenyewe ililaani ndoa ya tatu, alimwoa mke wa nne, Zoe Karbonopsina, baada ya mtoto huyo kuzaliwa mwaka 905. Siku ya Krismasi 906 Patriarki Nicholas alimzuia kaisari kwenye mlango wa Hagia Sophia mbele ya umati wa waumini, akamzuia tena sikukuu ya Epifania iliyofuata. Hamu ya mtu ya kuwa na mtoto iligeuka kuwa mfarakano wa Kanisa zima.

Hakuna mahali ambapo maisha ya ndani ya kasri yanaonekana kwa ukaribu kama katika maandishi ya Psellos juu ya Malkia Zoe, binti wa Constantine wa Nane, na mume wake wa tatu, Constantine wa Tisa Monomachos, aliyefunga naye ndoa mwaka 1042. Psellos aliwahudumia wote wawili. Zoe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka zaidi ya 60, hakupenda kusuka wala kusokota, kazi walizotarajiwa wanawake wa heshima. Alipenda kutengeneza manukato na marhamu, na chumba chake kilifanana na karakana za sokoni, kikiwa kimejaa majiko ya makaa, huku mjakazi mmoja akipima viungo, mwingine akivichanganya, mwingine akichemsha. Joto hilo lilisaidia wakati wa baridi, lakini kiangazi halikuvumilika kwa yeyote isipokuwa Zoe mwenyewe. Alikuwa pia na picha ya Kristo aliyoitengenezesha kwa vito, ambayo alizungumza nayo kama mtu anayemsikia, na rangi yake ilipoonekana kupauka alilia, ilipong'aa alifurahi na kumwarifu kaisari.

Monomachos alikuja kasrini na mapenzi yake ya zamani. Maria Skleraina alikuwa amemfuata uhamishoni katika kisiwa cha Lesbos alipokuwa hana chochote, naye hakumsahau alipopata kila kitu. Mkataba wa urafiki kati ya kaisari na Skleraina ulisomwa mbele ya wakuu wa dola, Zoe akiwa amekaa pale na kukubali, na vyumba vikapangwa hivi kwamba kaisari alikaa katikati na wanawake wake pande zote, Zoe akienda kwa mumewe baada tu ya kuhakikisha kwamba hayuko na mwenzake. Wananchi hawakuwa wavumilivu kama malkia. Mwezi Machi 1044, kaisari alipokuwa akitoka katika maandamano ya sikukuu, umati ulipiga kelele kwamba hawamtaki Skleraina na kwamba Zoe na dada yake Theodora wasiguswe, na kaisari angeweza kuuawa barabarani kama wanawake hao wawili hawangejitokeza juu kuutuliza umati.

Psellos anamlaumu Monomachos kwa kuugeuza utawala kuwa pumziko, lakini hata katika lawama zake anamwonyesha kuwa mtu mchangamfu. Alipenda bustani kwa pupa, akitaka pori ligeuke malisho na miti ihamishwe ikiwa na matunda yake, na yote yawe tayari kwa usiku mmoja. Alichimba bwawa lililosawazishwa na ardhi katikati ya miti, ili aliyekwenda kuchuma tofaa bila kujua atumbukie majini. Alimkweza mchekeshaji mwenye ulimi mzito, Romanos Boilas, hadi akawa anaingia vyumba vya ndani saa yoyote, na huyo naye akaishia kushutumiwa kupanga kumuua bwana wake. Kaisari huyohuyo alipokea kutoka kwa mtawala wa Misri tembo na twiga, akawaonyesha wananchi waliokusanyika kuwastaajabia. Mwanahistoria Michael Attaleiates anamweleza twiga kwa umakini wa mtu ambaye hakutarajia kuona kiumbe wa namna hiyo: madoa kama ya chui, mwili wa ukubwa wa ngamia, shingo ndefu iliyo nyembamba, na mgongo unaoteremka kuelekea nyuma.

Kuanzia enzi ya ukoo wa Komnenos, yaani ukoo wa Alexios wa Kwanza, makao yalihamia zaidi katika kasri la Blachernae, kaskazini-magharibi mwa mji, na michezo ya Ulaya ya magharibi ikaingia. Manuel wa Kwanza alishiriki mashindano ya mikuki ya wapanda farasi huko Antiokia mwaka 1159, akiwaonyesha Walatini, yaani watu wa magharibi, kwamba anaujua mchezo wao. Alipenda pia udaktari, na mfalme Baldwin wa Tatu wa Yerusalemu alipovunjika mkono wakati wa mawindo mwaka huohuo, Manuel alishuka na kumfunga jeraha yeye mwenyewe. Baada ya majeshi ya Vita vya Msalaba kuupora mji mwaka 1204, farasi wa shaba waliopamba uwanja wa mbio walipelekwa Venisi, na mbio za zamani hazikurudi tena kwa fahari yake. Uwindaji uliendelea, kwa kuwa haukuhitaji hazina kubwa.

Mwaka 1438 John wa Nane, kaisari wa pili kutoka mwisho, alikuwa Ferrara nchini Italia, alikokwenda kukubaliana na Papa juu ya kuunganisha Makanisa ili apate msaada wa kijeshi dhidi ya Waosmani. Mazungumzo yalikwama miezi mingi, maaskofu wake wakaishi kwa posho iliyochelewa, naye akahamia katika monasteri nje ya mji na kushinda akiwinda. Sylvester Syropoulos, shemasi aliyekuwamo katika msafara huo, anaandika kwa uchungu kwamba mtawala wa Ferrara ilibidi amwombe kaisari apunguze mawindo, kwa sababu mashamba ya wakulima yalikuwa yakiharibiwa, na ndege ambao mtawala huyo wa Ferrara aliwaleta kutoka mbali kwa ajili ya mawindo yake mwenyewe walikuwa wakiisha, na kwamba ombi hilo halikubadili kitu. Mchoraji Pisanello alikutana naye wakati huo, akachora kwa kalamu upinde, podo na kofia yake yenye ukingo mrefu wa mbele, kisha akatengeneza medali ya shaba ambayo upande mmoja ina uso wa kaisari chini ya kofia hiyo, na upande wa pili inamwonyesha juu ya farasi, amesimama mbele ya msalaba njiani, akiwa katika mavazi ya kuwindia.